Mtoto anayekataliwa na maziwa: kopo lipi linafaa, lipi ni kupoteza hela

Kwenye famasi za Ngamiani na Chumbageni, hapa Tanga, maneno ni yale yale. Mama anasema mtoto wake maziwa yanamkataa, muuzaji anageukia rafu na kushusha kopo: "Chukua hili la HA, dada, ndilo la watoto wenye aleji." Asipolishusha hilo, atashusha lililoandikwa "Lactose Free". Makopo yote mawili yana kazi yake. Lakini kwa mtoto mwenye aleji ya maziwa hakuna hata moja litakalomfaa, na mzazi atakuwa ametoa fedha nyingi kununua tatizo lile lile kwenye kopo jipya.

Hapa tunazipitia aina za maziwa ya kopo moja baada ya nyingine: linafanya kazi gani, linamfaa mtoto yupi, na ukiwa Tanga utalipataje bila kuharibikiwa.

Kabla ya kopo, ugonjwa

"Kukataliwa na maziwa" ni jina moja la magonjwa mawili. Wa kwanza ni aleji ya protini ya maziwa ya ng'ombe: kinga ya mwili wa mtoto inaiona protini hiyo kuwa adui na kuishambulia. Wa pili ni kushindwa kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, kwa sababu utumbo umepungukiwa na kimeng'enya kinachoivunja. Mara nyingi kopo linalotibu huu halitibu ule.

Aleji huonekana kwa damu kidogo au makamasi chooni, kutapika mara kwa mara, ukurutu usiosikia mafuta wala sabuni, kulia na kujikunja kila baada ya kunyonya, na uzito uliosimama kwenye kadi ya kliniki. Kwa watoto wengine haichelewi: ndani ya saa mbili baada ya kunywa, midomo na macho vinavimba, mwili unatoka vipele vya kuwasha, au pumzi inabana. Mtoto wa namna hiyo hapelekwi dukani. Anapelekwa Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu, muda huo huo. Ni vivyo hivyo kwa mtoto anayetapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kunywa, akapauka na kulegea.

Shida ya laktosi ina sura nyingine: choo cha maji chenye povu na harufu ya uchachu, tumbo kujaa gesi, makalio mekundu yanayochubuka. Hakuna damu, hakuna ukurutu. Karibu kila mara inafuata baada ya kuhara, kwa sababu kuhara kunauchubua utando wa utumbo ambako kimeng'enya hicho hutengenezwa. Utando ukipona, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi sita, shida inaondoka yenyewe. Mtoto kuzaliwa bila kimeng'enya hicho kabisa ni nadra mno. Watu wazima wengi wa kwetu hujaa tumbo wakinywa maziwa freshi, na hapo ndipo familia husema mtoto amerithi. Upungufu ule wa ukubwani hauanzi mtoto akiwa mchanga wa miezi miwili, kwa hiyo tafuta sababu nyingine.

Na si kila kilio ni maziwa. Mtoto mchanga hulia zaidi anapofikisha takribani wiki sita, halafu kilio hupungua. Anayecheua lakini ananenepa na kucheka hahitaji kopo lolote jipya, hata bibi na jirani wakikazania kuwa ni mchango.

Maziwa ya mama yanabaki mbele ya makopo yote, hata kwa mtoto mwenye aleji. Ila hapa ushauri wa mitaani unachanganya magonjwa yale mawili. Kama ni aleji, mama anaacha kabisa maziwa, mtindi, siagi, jibini na vyote vilivyopikwa kwa maziwa, kwa wiki mbili hadi nne, huku akipata kalsiamu kwingine: dagaa wanaoliwa na mifupa yake, au vidonge atakavyoandikiwa. Protini ya maziwa anayokunywa mama hupita kidogo kwenye titi, ndiyo maana kuacha kunasaidia. Kama ni laktosi, mama kuacha chai ya maziwa hakubadilishi kitu. Laktosi inatengenezwa na titi lenyewe, na kiwango chake hakitegemei mama amekula nini. Aendelee kunyonyesha, mtoto apewe ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi hapo.

Makopo yenyewe

Protini ya maziwa ni mfano wa ushanga mrefu. Kinga ya mtoto mwenye aleji inautambua ushanga kwa mpangilio wa punje zake. Viwanda vinaukata, na tofauti ya kopo na kopo ni umekatwa vipande vifupi kiasi gani.

HA (kifupi cha "hypoallergenic", yaani isiyoleta aleji kirahisi), kama vile NAN HA, ushanga wake umekatwa nusu nusu. Vipande bado ni virefu, na kinga ya mtoto inavitambua. Kwa mtoto ambaye tayari ana aleji, kopo hili si tiba. Linaweza kumletea dalili zile zile. Kwenye ubavu wa kopo tafuta maneno "partially hydrolysed": ukiyaona, rudisha kopo. Makopo ya "Comfort" mengi yamo kwenye kundi hili pia. Herufi mbili za HA zimewapoteza wazazi wengi kuliko neno lolote jingine kwenye rafu, na inauma, maana anayezinunua anadhani ameshalipata suluhisho.

"Lactose Free" imeondolewa sukari ya maziwa na kuwekewa nyingine, lakini protini ya ng'ombe imo nzima. Kwa aleji ni sifuri. Kazi yake ni kwa mtoto wa chupa ambaye kuhara kumemkalia na daktari ameona ni laktosi. Atumie wiki chache kisha arudi kwenye maziwa yake ya kawaida. Mtoto aliyeharisha siku tatu na bado ana nguvu kwa kawaida hahitaji kubadilishiwa maziwa.

Maziwa ambayo protini yake imekatwa vipande vifupi sana ndiyo chaguo la kwanza kwa mtoto mwenye aleji asiyenyonya, au ambaye maziwa ya mama hayamtoshi. Maneno ya kutafuta ni "extensively hydrolysed". Humo kuna Nutramigen na Alimentum, zinazotokana na kaseini (protini kuu ya maziwa) na zisizo na laktosi, na Aptamil Pepti na Althéra, zinazotokana na protini ya maji ya maziwa na ambazo zina laktosi. Tofauti hiyo ina maana yake. Zenye laktosi zina ladha nzuri kidogo na mtoto huzikubali upesi, na aleji ya protini yenyewe haidai kuondoa laktosi. Lakini mtoto mwenye aleji ambaye pia ametoka kuhara sana, utumbo wake umechubuka, aanze na isiyo na laktosi. Takribani watoto tisa kati ya kumi wenye aleji hutulia kwa kundi hili.

Kasoro yake kubwa ni ladha: ni chungu, na harufu yake si ya maziwa. Aliye chini ya miezi mitatu au minne hunywa bila ubishi. Aliyezidi hapo anaweza kugoma. Kama dalili zake si zile za papo hapo, changanya kidogo kidogo: robo ya mapya na robo tatu ya aliyozoea kwa siku moja au mbili, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, hadi yawe mapya matupu. Kila aina itengenezwe peke yake kwa maji yake, ndipo zichanganywe. Usitie unga mkavu ndani ya maziwa ya mama. Choo kitageuka kijani na laini. Hiyo ni kawaida ya maziwa haya, usikimbie kubadilisha.

Kuna jambo linalowagusa wengi hapa Tanga na ambalo wauzaji hawalisemi. Protini ya maziwa haya hukatwa kwa vimeng'enya, na baadhi ya viwanda hutumia vinavyotokana na nguruwe. Si makopo yote. Mengine yana alama ya halali, na alama hiyo hutofautiana kulingana na nchi kopo lilikotengenezewa, hata kama jina ni lile lile. Mwombe mfamasia akuonyeshe kopo lenyewe kabla ya kulipa, na kama lililopo ni hilo tu na mtoto anaumwa, zungumza na daktari na shehe wako mapema, mtoto asije akakaa bila chakula huku watu wazima wakijadiliana.

Asidi amino, yaani ushanga uliobaki punje moja moja, hauna cha kutambuliwa na kinga. Neocate, Alfamino, PurAmino na EleCare ziko hapa. Ni za mtoto aliyewahi kuvimba na kubanwa pumzi, wa aleji iliyodumaza uzito wake, au aliyetumia kundi lililotangulia kwa wiki mbili hadi nne bila nafuu. Zina bei kubwa kuliko zote. Kuanza nazo kwa sababu ni "kali zaidi" ni gharama isiyo na faida kwa watoto walio wengi.

Soya, kama Isomil au Infasoy, ni nafuu, na kwa mtoto aliyetimiza miezi sita inaweza kufaa. Chini ya umri huo haishauriwi kwa aleji, na baadhi ya watoto wenye aleji ya maziwa huikataa soya vile vile. Tunazungumzia maziwa ya watoto ya soya yaliyo kwenye kopo. Kinywaji cha soya cha boksi na unga wa soya wa sokoni havimlishi mtoto mchanga.

Maziwa ya mbuzi yana heshima kubwa Pwani, na kila mtaa una mtu atakayekuambia mbuzi ni dawa. Protini yake inafanana mno na ya ng'ombe: walio wengi wenye aleji ya moja hupata na ya pili, yawe maziwa freshi au ya kopo. Tui la nazi halina protini ya kutosha kumkuza mtoto. Na maziwa freshi ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, katika mkoa huu ambao maziwa na mtindi wa Tanga Fresh viko kila kona, si chakula cha aliye chini ya mwaka mmoja hata kama hana aleji: madini ya chuma ni machache, na kwa watoto wengine huvujisha damu utumboni bila kuonekana.

Kununua ukiwa Tanga

Piga hesabu kabla ya kununua kopo la kwanza. Mtoto anayekunywa maziwa ya kopo peke yake, chini ya miezi sita, anakunywa takribani mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo tano anakunywa mililita 750, na hiyo inakula gramu 100 za unga au zaidi kidogo. Kopo la gramu 400 linaisha kwa siku nne. Kwa mwezi ni makopo manane. Mzazi anayenunua moja kwa hela ya mkopo, halafu siku ya tano anarudi kwenye maziwa ya zamani, hajampa mtoto tiba wala hajajua kama lilifaa. Kama manane hayawezekani, mwambie daktari mapema, ili juhudi zielekezwe kwenye kurudisha maziwa ya mama.

Makopo ya kawaida kama NAN na Lactogen utayaona kwenye famasi na maduka makubwa ya vyakula. Ya aleji mara nyingi huagizwa, na duka la dawa muhimu la mtaani usitegemee kuwa nayo. Nenda famasi yenye mfamasia mwenyewe dukani, uombe jina kamili na namba ya hatua: 1 ni tangu kuzaliwa, 2 ni kuanzia miezi sita. Agiza likiwa limebaki kopo zima, si vijiko vitatu. Yanayotoka Dar es Salaam hushuka stendi ya Kange ndani ya buti la basi, na buti la mchana lina joto kali wakati kopo linataka mahali pakavu pasipozidi nyuzi 25. Omba lisafirishwe na basi la alfajiri, ulipokee mwenyewe lisilale ofisi ya mizigo.

Kopo lililovuka Horohoro kutoka Kenya linaweza kuwa zuri tu, ila kijiko na vipimo vyake huenda si vile vya kopo ulilozoea. Soma upya. Kagua tarehe chini ya kopo, ukingo usiwe umebonyea, na ukifungua karatasi ya ndani iwe imeshika pote. Unga uliofunguliwa na kupimwa kwenye mfuko wa nailoni usiuguse kwa bei yoyote. Na muuzaji anayekupa chupa ya bure au punguzo ili uchukue kopo fulani anavunja taratibu: kanuni za kimataifa za mwaka 1981 za uuzaji wa maziwa mbadala, na kanuni za Tanzania zilizofuata, zinakataza ushawishi wa aina hiyo.

Maji, kijiko, joto

Unga wa maziwa ya kopo si safi kabisa hata kopo likiwa jipya. Unaweza kuwa na bakteria wachache wanaosubiri uvuguvugu. Ndiyo maana maji yanatakiwa yawe na joto la nyuzi 70 au zaidi unapotia unga. Chemsha hadi yatokote, hata ya chupa za dukani, yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, kisha tumia. Makopo yaliyotiwa bakteria hai wa faida, kama Nutramigen yenye herufi LGG, yana maelekezo yake ya joto kwa sababu maji ya moto huwaua. Hapo fuata kopo na usafi uzidi.

Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sehemu za karibu na bahari yapo mengi, yasitumike. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yanavyopungua sufuriani chumvi inazidi kukolea, na figo za mtoto mchanga haziimudu.

Maji kwanza, unga baadaye. Makopo mengi ni kijiko kimoja kwa mililita 30, mengine ni kimoja kwa mililita 60, na vijiko havibadilishani. Jaza bila kushindilia, sawazisha kwa mgongo wa kisu kisafi kikavu. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ndiko kunakoharibu tiba kuliko kosa lolote: mtoto anashiba maji, uzito unasimama, na wazazi wanasema maziwa ya gharama nayo yamemkataa. Kuzidisha unga kunamfungisha choo na kumkausha. Usiongeze sukari wala uji.

Poza chupa kwenye bakuli la maji baridi, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yatumike ndani ya saa mbili tangu yatengenezwe, na masazo yamwagwe hata kama ni mililita 60 za maziwa ghali. Usitengeneze ya usiku mzima na kuyaweka kwenye chupa ya chai. Weka humo maji ya moto tu, na unga upimwe kando. Kikombe kidogo kinaosheka vizuri kuliko chupa na chuchu, na hata mtoto mchanga anaweza kukitumia akikalishwa wima.

Unyevu wa Tanga unagandisha unga upesi. Kijiko chenye tone la maji kikirudi koponi, kesho kutakuwa na mabonge. Funga kila mara, andika tarehe ya kufungua juu ya mfuniko, na baada ya wiki nne, au tatu kama kopo linasema hivyo, kilichobaki kitupwe. Friji si mahali pake, kwa sababu kopo hutoa jasho kila linapotolewa. Sisimizi wakikusumbua, lisimamishe kopo katikati ya sahani yenye maji.

Wiki za kwanza

Kutapika na kulia hupungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Damu chooni na ukurutu huweza kuchukua wiki nne. Anayebadilisha kopo kila baada ya siku tatu hatajua kamwe lipi lilifanya kazi. Mpime mtoto kliniki mwanzoni na baada ya wiki mbili kwenye mzani ule ule, na uandike kila siku mistari miwili: choo kilivyokuwa, ametapika mara ngapi.

Akitulia, kuna hatua ambayo wazazi wengi huiruka kwa woga unaoeleweka: kumrudishia maziwa ya zamani kwa makusudi baada ya wiki mbili hadi nne, kwa mpango wa daktari, kuona kama dalili zinarudi. Bila hivyo huwezi kujua kama ni kopo lililomponya au ni umri tu, na unaweza kulipia makopo manane kwa mwezi kwa mwaka mzima bila sababu. Aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi harudishiwi nyumbani. Jaribio lake ni la hospitalini tu.

Dalili zikirudi, aleji imethibitika. Mtoto atabaki kwenye kopo lake hadi afikishe miezi tisa hadi 12, au amalize angalau miezi sita bila maziwa, ndipo ajaribiwe tena, akianza na kiasi kidogo cha maziwa yaliyookwa sana ndani ya biskuti, kabla ya mtindi na maziwa yenyewe. Wakati huo wote, akishaanza kula, soma pakiti za uji wa unga wa watoto: nyingi, Cerelac ikiwemo, zina maziwa ndani. Uji wa ulezi au wa mahindi uliopikwa nyumbani kwa maji na kuongezwa karanga zilizosagwa laini humfaa zaidi. Karanga zenyewe anza kwa ncha ya kijiko, asubuhi, siku ambayo hajapewa chakula kingine kipya. Na kama ana ukurutu mkali, muulize daktari kwanza.